Kibonge Hamkatai Mtu

Kazi yangu ni kushona sare za shule na kulea watoto ambao si wangu. Cherehani iko sebuleni karibu na dirisha, watoto wanalala chumba kinachofuata. Watu wa ustawi wa jamii wananiletea mtoto asiye na pa kukaa, namlea mpaka ndugu zake wapatikane, au apatikane mtu wa kumwasili, yaani wa kumchukua awe mwanawe kabisa mbele ya sheria. Akiondoka nalia siku mbili tatu huku nakata vitambaa, halafu naletewa mwingine. Majirani huniuliza kama sichoki. Nachoka. Hata miguu yangu inachoka, lakini sijaikata.

Dada na Kibonge waliletwa pamoja, mchana wa jua kali. Mama yao alikuwa amefariki hospitalini, na baba hakuna aliyemjua. Mkubwa alikuwa msichana wa miaka tisa, mwembamba, amembeba mgongoni mdogo wake ambaye hajatimiza hata mwaka, mtoto wa kike mwenye mashavu utadhani ndiye aliyekuwa akila chakula cha nyumba nzima. Nilimwambia amshushe wapumzike.

"Asante, bibi," akanijibu kwa adabu. "Sisi hatujachoka."

Mdogo alipoanza kusema alimwita mkubwa Dada, nasi wote tukamwita hivyo, hata mwenye duka la jirani aliyemzidi miaka hamsini. Mdogo tulimwita Kibonge, na sababu ilionekana tangu mbali.

Kibonge alikuwa na shida moja. Mtu yeyote akimshika, isipokuwa dada yake, alilia mpaka akakauka sauti. Mimi mwenyewe, niliyelea watoto wa kila namna, aliniuma kidole nikimvalisha soksi. Nilimpenda kuanzia siku hiyo, maana napenda mtu mwenye msimamo. Lakini watu wanaotafuta mtoto wa kuasili hawapendi msimamo. Walikuja mume na mke, watu wa makamo, wakisema wako tayari kuchukua wote wawili. Yule mke akanyoosha mikono, Kibonge akaangua kilio cha kuita majirani, na chai haikuisha kwenye vikombe. Hatukuwaona tena.

Afisa wa ustawi alikuja baada ya hapo. Ni kijana wa viatu vinavyong'aa, mwenye roho nzuri ambayo sijui kwa nini anaionea haya. Alisimama mlangoni, mimi niko kwenye cherehani, Dada amekaa sakafuni anashikiza vifungo.

"Mama, huyu mdogo akiendelea hivi, nani atawachukua?" akasema. "Watu wanaogopa."

"Waogope tu. Kwani hapa ni mnadani?"

"Sisemi hivyo, mama. Nasema wanataka mtoto anayekubali kushikwa."

Nikamwambia basi waniachie mimi, nitawaasili mwenyewe. Hakucheka, nampa sifa hiyo. Akanieleza taratibu kwamba sheria ina ukomo wa umri kwa mtu anayeasili, na kwamba mimi nimeshaupita, tena nina kisukari. Nikamuuliza inakuwaje niwe kijana wa kuwaogesha na kuwapeleka kliniki, halafu niwe mzee wa kuwaita wanangu. Akasema hayo ni mambo mawili tofauti. Nilimfunga mdomo kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Tulipokuwa tukirushiana maneno, hakuna aliyemwangalia msichana wa vifungo.

Alichokifanya Dada baada ya siku hiyo nilikuja kukijua mwishoni, lakini nakieleza hapa kwa sababu hapa ndipo kilipoanzia. Alikuwa amesikia neno moja: nani atawachukua. Si nani atamchukua. Alielewa kwamba wakipatikana watu watawachukua wote wawili, na kwamba kizuizi ni kilio cha mdogo wake. Basi akaamua kukiondoa.

Kila akirudi shule alimbeba Kibonge mpaka bombani, penye foleni ya wanawake. Akamkabidhi kwa huyu, akamkabidhi kwa yule, yeye akajificha nyuma ya ukuta. Mwanzoni Kibonge alilia mpaka akatapika. Dada alikaa nyuma ya ukuta ameuma kanga yake, asitoke. Mtoto akinyamaza hata kidogo, ndipo anatoka, anamkumbatia, anampa kipande cha mkate. Akilia, hatoki. Akampeleka kwa mwenye duka, akampeleka kwa fundi viatu mwenye ndevu ambaye hata watu wazima walimwogopa. Alimfundisha kwamba mtu akinyoosha mikono unakwenda, na ukishakwenda huangalii nyuma. Mimi niliona tu mtoto anakuwa mchangamfu, anakaa mapajani kwa wateja wangu, anawavuta hereni. Nikasema amekua. Mtaa mzima ukawa unasema Kibonge hamkatai mtu.

Ndipo, katika mwaka wa pili, wakaja mfamasia na mkewe.

Ningependa kusema walikuwa watu wabaya. Ingenipunguzia kazi. Lakini walikuwa watu wazuri, wanaovua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mume anauza dawa katika duka lake, mke anafundisha chekechea. Mimba zao zote zilikuwa zimeharibika, na mke alinisimulia hayo akitazama mikono yake, kama mtu aliyevunja vyombo vya watu. Kibonge alikuwa anacheza na mabaki ya vitambaa. Mke akachuchumaa, akanyoosha mikono, na Kibonge akaenda. Akaenda moja kwa moja, akamwekea kichwa begani. Yule mama akalia hapo hapo sakafuni, na mumewe akageukia dirisha akajifanya anaangalia cherehani yangu ni ya aina gani.

Dada alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, anatabasamu kwa meno yote.

Walipoondoka alinifuata jikoni. "Bibi, wametupenda."

"Naona," nikasema, maana nami niliona hivyo.

Akafua nguo zake zote jioni ile, na zilizokuwa safi akazifua pia.

Wiki iliyofuata afisa alirudi, na sura yake niliisoma kabla hajafungua kinywa. Mfamasia na mkewe walikuwa wameomba mtoto. Mmoja. Mdogo.

Nikamwambia kwamba najua sheria inasema ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe.

"Inasema wasitenganishwe ikiwezekana, mama."

"Na hapa kwa nini isiwezekane? Nyumba yao haina vyumba?"

"Vyumba vipo. Wanasema mkubwa ana miaka kumi na moja, ana mama yake kichwani, hawataweza. Siwezi kumlazimisha mtu kuasili. Ninachoweza ni kupima kama kuwatenganisha kutamuumiza mdogo. Ikionekana kutamuumiza sana, nitapinga."

Nikashusha pumzi. Nilikuwa na hakika. Nani asiyewajua wale wawili?

Tukaitwa ofisini kwake kwa ajili ya hicho kipimo. Kilikuwa chumba chenye mkeka, ndoo ya midoli na viti vya plastiki. Afisa mmoja wa kike akamchukua Kibonge, wakacheza. Wakamwambia Dada atoke. Kibonge hakugeuka. Wakaleta mtu mwingine asiyemjua, akamnyooshea mikono, Kibonge akaenda akimchekea. Dada akarudishwa, akakaa kwenye kiti, mikono ameikalia, kimya, kwa sababu alidhani ndiye anayepimwa na anataka waone kwamba hatasumbua. Nilimkonyeza amwite mdogo wake. Akatikisa kichwa. Afisa wetu wa viatu vinavyong'aa akaandika kwamba mtoto ni mchangamfu, anawakubali watu wapya kwa urahisi, na hategemei uwepo wa dada yake. Hakudanganya hata neno.

Kabla ya mahakama kutoa amri ya kuasili, mtoto lazima kwanza akae na wanaomtaka kwa miezi kadhaa, waonekane wanavyoishi. Kibonge akaenda huko na begi dogo nililomshonea. Dada alilifunga begi mwenyewe, akamweleza yule mama kwamba Kibonge hapendi maji ya baridi masikioni, na kwamba akisinzia anavuta nywele za mtu aliye karibu, asimzuie.

"Nitakumbuka," mama yule akasema, na nadhani alikumbuka.

Dada bado alikuwa na matumaini. Alinieleza tukikunja mashati. Kibonge amekwenda kuwazoesha, akasema. Usiku atamtafuta yeye, watashindwa kumbembeleza, watakuja kumwita. Mimi nilijua kwamba watu wakubwa hawaendi hivyo, lakini nilikosa ujasiri wa kumwambia, nikapeleka shati kwenye pasi. Mfamasia alipiga simu baada ya siku chache. Alikuwa na furaha, masikini wa Mungu, alitaka tu kututoa wasiwasi.

"Analala vizuri," akasema. "Anakula. Halii kabisa."

Nikampa Dada habari hiyo. "Vizuri," akasema. Akaenda kusugua sufuria iliyokuwa imeshasuguliwa.

Mahakama ilimpa kila mtoto wakili, na kwa bahati wote wawili walipewa mmoja, mwanamke mwenye sauti nzito aliyetembea haraka kama mtu anayekimbia mvua. Alikuja nyumbani, akakaa sakafuni na Dada, akamwambia kwamba siku ya shauri jaji atamuuliza maoni yake, na kwamba aseme ukweli, asiogope. Akamwambia pia kwamba jaji anaweza kuyasikia maoni yake na bado akaamua vingine. Nilimpenda kwa hilo. Watoto wangu wameshadanganywa vya kutosha na watu wenye huruma.

Mashauri ya kuasili hayasikilizwi mahakama ya wazi. Tuliingia ofisini mwa jaji, chumba chenye feni na meza kubwa, na jaji mwenyewe alikuwa mama wa umri wangu, miwani imeshuka puani. Walikuwepo mfamasia na mkewe, afisa wa ustawi, wakili, Dada na mimi. Kibonge alikuwa nje kwenye korido na karani. Afisa akasoma aliyoyaandika. Jaji akamgeukia Dada.

"Mwanangu, mdogo wako akikaa huko moja kwa moja, unadhani ataumia?"

Dada akasimama. Alikuwa amevaa sare ya shule niliyomshonea, ndefu kidogo kwa sababu nilitaka akue nayo.

"Mheshimiwa, yeye huwa analia," akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha asilie."

"Ulimfundishaje?"

Akaeleza. Bomba, ukuta, mkate, fundi viatu. Alieleza bila kulia, kwa mpangilio, kama mtoto anayejibu swali darasani na anajua jibu. Ndipo nilipojua. Nilikumbuka msichana yule alivyokuwa akirudi kutoka bombani macho mekundu, akiniambia ni vumbi.

"Nilidhani akiacha kulia watatuchukua wote," akamaliza. "Kwa hiyo walivyompima walikosea. Walinipima mimi."

Wakili alikuwa ameshasimama. Akasema kwa heshima zote kwamba tathmini haiwezi kutegemewa, akaomba shauri liahirishwe, watoto wapimwe upya. Afisa alikuwa anatazama viatu vyake na hakuna aliyemlaumu zaidi ya alivyojilaumu mwenyewe. Niliona kabisa tumeshinda.

Jaji akavua miwani, akamgeukia mfamasia na mkewe. Akawauliza kama, baada ya kusikia haya, wako tayari kuwachukua wote wawili.

Mke alikuwa analia. Mume ndiye aliyejibu.

"Mheshimiwa, tumezungumza hilo nyumbani mara nyingi. Tukisema ndiyo leo, itakuwa ni kwa aibu. Na tukimchukua huyu binti, Kibonge hatatuita mama na baba. Atamwita yeye. Ndivyo ilivyo, mmesikia wenyewe." Akamtazama Dada. "Nisamehe, mwanangu."

Dada akaitikia kwa kichwa. Hata hapo alikuwa na adabu, na mimi nilitamani awe hana.

"Mleteni mtoto," jaji akasema.

Kibonge akaingia ameshikwa mkono na karani, gauni jipya, viatu vipya, nywele zimesukwa vizuri kuliko nilivyowahi kumsuka. Akasimama katikati ya chumba akatuangalia sisi watu wazima uso mmoja mmoja. Dada akapiga magoti. Kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, akamwita.

"Kibonge. Njoo kwangu. Njoo, mama."

Kibonge akamwona, akacheka, akakimbia. Nikashika mkono wa wakili nikaubana. Akamwangukia Dada kifuani, Dada akamfumbata kwa mikono, akafumba na macho. Wakakaa hivyo. Feni ikazunguka.

Kisha Kibonge akaanza kujinyonganyonga. Akageuza shingo, akatafuta chumba chote mpaka akampata mke wa mfamasia kwenye kiti chake, na midomo ikaanza kumtetemeka. Akanyoosha mikono kuelekea kule. "Mama," akasema. Mke hakunyoosha mikono. Aliikalia, kama alivyofanya Dada ofisini, na machozi yanamtiririka, kwa sababu alikuwa mtu mwema na alitaka haki itendeke. Kibonge akaona hafuatwi, akaangua kilio. Kilio kile kile cha zamani, cha mpaka sauti ikakauka. Sikuwa nimekisikia tangu siku za soksi.

Dada alimbembeleza kwa kila alichokijua. Alimwekea nywele zake mkononi. Alimwimbia masikioni. Kibonge akamsukuma.

Dada mwenyewe ndiye aliyesimama na ule mzigo, akavuka chumba, akamweka mdogo wake mapajani mwa yule mama, na kilio kikakatika pale pale.

Amri ikatolewa. Jaji alisema anaona mambo mawili, mtoto aliyekwisha kupata mama na mtoto anayempoteza mdogo wake, na kwamba hana uwezo wa kumpa wa pili bila kumnyang'anya wa kwanza. Alisema mfamasia na mkewe wameahidi kuwakutanisha ndugu hawa, na anaiheshimu ahadi hiyo, lakini ni ahadi, si amri. Alivaa miwani upesi.

Kwenye korido Dada alimzuia wakili kwa kumshika mkono wa koti.

"Sasa ni mdogo wangu au si mdogo wangu?"

Wakili akachuchumaa na koti lake zuri. "Kwa damu, ni mdogo wako siku zote. Kwa sheria, kuanzia leo yeye ni mtoto wa familia nyingine."

"Akiumwa wataniambia?"

"Hawalazimiki."

"Wakihama?"

"Hawalazimiki, mwanangu. Wanaweza wakakwambia kwa hiari yao."

"Na mimi nikiwa mkubwa, nikawa na nyumba yangu, naweza kumwomba?"

"Wakati huo," wakili akasema, "yeye naye atakuwa mkubwa. Utamwomba yeye."

Dada akafikiri, akamshukuru. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani nilimtukana jaji, nikamtukana afisa, nikaitukana feni. Dada alinishika mkono kuvuka barabara, kwa sababu anajua macho yangu hayaoni mbali.

Wale watu walitimiza ahadi, ila si haraka. Kwanza mtoto alikuwa na homa, kisha mfamasia akapata duka katika mji mwingine wakahama, kisha wakaona wamwache kwanza atulie. Ulipita mwaka na ushei. Siku waliyosema wanakuja, Dada aliamka akafagia uwanja, akaomba nimpunguze urefu wa gauni, akabadili kitambaa cha meza mara mbili. Mimi nilikunywa dawa yangu ya kisukari na nyingine ya mapigo ya moyo.

Walishuka kwenye gari, mke ameshika keki. Kibonge alikuwa amerefuka na mashavu yameisha. Alitembea mwenyewe mpaka mlangoni, akavua viatu akavipanga pembeni, mtoto aliyelelewa vizuri, hilo siwezi kulikataa. Mama yake akainama akamnong'oneza kitu. Nilimsikia kwa sababu nilikuwa karibu. Alimwambia, "Huyu ni Dada. Si nilikwambia? Msalimie Dada."

Kibonge akamtazama yule msichana mrefu aliyesimama karibu na cherehani. Alimtazama vizuri, akijitahidi. Kisha akasogea, akainamisha kichwa kwa heshima, kama anavyofundishwa kuwasalimu wageni wa nyumbani kwao.

"Shikamoo, anti," akasema.

Mke wa mfamasia akaziba mdomo kwa mkono. Nilimwona Dada akijikaza, mabega, shingo, mpaka ncha za vidole.

"Marahaba," akajibu. "Hujambo? Karibu ukae."

Akamvutia kiti, akaenda jikoni kumletea maji ya kunywa.